Kamera ya waya ya kuchomeka kwenye simu: nimeitumia kusaka maji ndani ya Subaru Forester ya 2004, haya ndio maoni yangu

Kwa wenye haraka naweka mapema kabisa, kamera (kale kadogo kaliko kwenye ncha ya waya, picha unaiona kwenye simu) inafaa, bei haiumi (yangu haikufika elfu hamsini, Kariakoo), ila haitafuti maji. Kinachotafuta maji ni mpira wa maji na uvumilivu, kamera inakuja baadae kukuonyesha kwa macho kile ambacho umeshaanza kukihisi. Ukiinunua kwa matumaini kwamba utaichomeka chini ya dashibodi halafu ikuonyeshe tone linadondoka live, utaishia kuangalia nyaya na vumbi la miaka ishirini na utasema nimekupotosha. Nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoinyima nitaielezea nikifika.

Gari yenyewe ni Forester ya toleo la SG5, ile ya sanrufu kubwa (kioo cha kufunguka kwenye paa), ya 2004. Gari ya umri huo kupitisha maji wala sio ajabu na sio ubovu wa kiwanda, mipira inakakamaa kwa jua letu hili, gundi inachoka, vijitundu vya kutolea maji vinaziba, na hapo katikati imeshapita mikono ya mafundi wengi, wa redio, wa alamu, wa vioo, wa AC, kila mmoja kafungua lake na kurudisha anavyojua yeye. Dalili zilikuwa zile zile za magari yote: asubuhi vioo vimeweka ukungu kwa ndani, ukifungua mlango unapokelewa na uvundo, na kapeti la upande wa abiria wa mbele ukilikandamiza na kidole gumba unaona maji yanapanda.

Hapo kwenye kapeti wengi ndio wanadanganyika. Juu likikauka mtu anasema imeisha, anapulizia eafreshna ya vanila maisha yanaendelea, kumbe chini ya lile kapeti kuna tabaka nene la sponji na felti ambalo ni kama godoro la mtoto kikojozi, shuka umeanika limekauka lakini ndani bado kumeloa. Linaweza kushika maji wiki nzima na zaidi bila mvua hata ya rasharasha. Na kwa wenye Subaru za miaka hiyo za usukani wa kulia kuna la ziada, kontrol boksi ya injini imelazwa pale pale miguuni kwa abiria, chini ya kapeti, imefunikwa na bati. Yaani maji yakituama pale huongelei harufu tena, unaongelea soketi zinaota kutu ya kijani, taa ya chekenjini inawaka na kuzima bila mpangilio na fundi umeme anakuuzia sensa moja baada ya nyingine. Kama unaona dalili hizo kila baada ya mvua na kiangazi zinapotea, inua kapeti kwanza kabla hujanunua sensa.

Sasa kabla hata hujatoa kamera kwenye boksi jiulize ni maji gani hayo, sababu yako ya aina tatu na kila moja ina fundi wake. Chukua tishu nyeupe ikandamize pale palipoloa. Ikitoka na rangi, inanata kidogo na ina harufu ya utamu utamu, hiyo ni kulanti (maji ya kupozea injini), rejeta ndogo ya hita iliyoko ndani ya dashibodi inavuja, na mara nyingi utaona pia kioo cha mbele kinaweka utando wa mafuta mafuta ukiwasha upepo, na kwenye tangi la kulanti kiwango kinashuka bila kuona tone chini ya gari. Hiyo mpeleke kwa fundi wa rejeta, haya mengine yote ninayoandika hayakuhusu.

Ya pili ni maji ya AC, na hapa Dar hii ndio namba moja wala sio mvua. Hewa yetu ina unyevu mwingi, AC ikifanya kazi inatengeneza maji ya kutosha, na kawaida yanatoka kwa kabomba kadogo yanadondoka chini ya gari, ndio yale maji unayoyaona ukipaki. Kale kabomba kakiziba na vumbi na ule ute, maji yanajaa kwenye nyumba ya evaporeta (kile kifaa kinachopoza hewa ya AC) yanafurika ndani, na kwenye magari yetu ya Japani evaporeta iko upande wa kushoto nyuma ya kile kidroo cha dashibodi, kwahiyo anayeloa miguu ni abiria. Kipimo chake ni bure: washa AC gari imesimama, kaa robo saa au zaidi mchana wa joto, chungulia chini. Pakiwa pakavu kabisa ujue maji yamebaki ndani. Maji ya AC ni masafi, hayana rangi wala harufu, na yanatokea hata wiki ambayo mvua haijanyesha. Kwangu chini palilowa vizuri tu kwahiyo AC nikaiondoa kwenye washukiwa.

Ikabaki mvua. Na mvua ndio ngumu, sababu maji ya mvua yanaingilia sehemu moja yanatokea kwingine kabisa. Yanaingia juu kwenye kona ya kioo, yanashuka ndani ya nguzo (zile zinazoshika paa pembeni ya vioo), yanapita nyuma ya plastiki, yanatambaa juu ya waya hadi chini ya siti ya nyuma, wewe unakuja kukuta kapeti la nyuma limeloa unalaumu mlango wa nyuma. Halafu kuna suala la ulivyopaki. Huku Goba kwa miinuko yetu ukipaki pua imeelekea chini yanakusanyika mbele, ukigeuza kesho yake yamehamia nyuma, mtu anaweza kuamini gari inavuja kila mahali kumbe ni maji yale yale yanatembea.

Niseme kuhusu silikoni hapa hapa, sababu inanikera. Kuna fundi mmoja, simtaji, aliiangalia gari hata dakika tano hazikufika akasema "bosi hiyo tunapiga silikoni kuzunguka kioo chote na sanrufu, inaisha leo." Nikamuuliza maji yanaingilia wapi, akasema "popote yanapoingilia silikoni itaziba." Nikamshukuru nikaondoka. Silikoni ya juu juu kwanza inaweza kuyafungia maji ndani badala ya kuyazuia nje, ile yenye harufu kali ya siki ina tindikali inayokula bati, na kubwa kuliko yote, siku ukiamua kubandika kioo vizuri gundi ya kweli ya vioo haishiki juu ya mabaki ya silikoni, lazima yakwanguliwe yote mpaka yaishe, na fundi atakuchaji hiyo kazi na ana haki. Mtu anayetaja dawa kabla hajaona tundu mkimbie.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Nilitoa siti ya mbele ya abiria (boliti nne, spana ya 14, na ukiona soketi ya njano chini ya siti hiyo ni ya eabegi, toa betri kwanza usubiri dakika kadhaa au usiiguse kabisa), nikang'oa plastiki za chini ya mlango na zile za nguzo, nikainua kapeti nikalisukumia nyuma nikaweka kipande cha mbao lisirudi. Gari ikakaa juani milango wazi mpaka pakakauka. Hii hatua ya kukausha usiiruke, huwezi kutafuta maji mapya juu ya maji ya zamani. Halafu pale kwenye bati nikanyunyiza poda ya mtoto, ya kawaida tu ya dukani. Maji yakipita juu ya poda yanaacha njia inayoonekana wazi, unaifuata kwa nyuma kurudi yalikotokea. Kwa kweli ukiniambia nichague kati ya kamera na kopo la poda nitasita.

Kumwagia maji kuna utaratibu wake. Mpira wa maji wa kawaida bila kichwa cha kupulizia, maji yatoke taratibu, na usitumie ile mashine ya presha ya kaoshi sababu presha inapenya hata kwenye mpira mzima na utatengeneza uvujaji ambao haupo. Unaanza chini unapanda juu. Ukianza juu kwenye paa maji yanashukia kila mahali kwa pamoja na ndani yakitokea hujui yameingilia wapi, ila ukianza na lile bonde la chini ya wipa, ukapaacha paloe dakika kadhaa, ndani pakawa pakavu, unapavuka unapanda ukingo wa chini wa kioo, kona, pembeni, mlango, mwisho paa na sanrufu. Na ndani awepo mtu na tochi. Mimi nilimuweka mpwa wangu, kijana wa sekondari, simu mkononi na kamera imeshachomekwa, alikuwa na raha kuliko mimi mwenyewe.

Bonde la chini ya wipa halikupitisha maji, ingawa ukiwa unapaki chini ya mwarobaini au mwembe ndio pa kuangalia kwanza, majani yanaoza mle yanaziba njia za maji, bonde linajaa na maji yanaingia kwa njia ya upepo wa AC. Majani hayo kwangu niliyazoa ya kutosha kupanda mchicha. Ukingo wa chini wa kioo, kimya. Nimefika kona ya juu kushoto ya kioo nikasikia "Anko! Anko simamisha, yameanza!"

Hapo ndipo kamera ilijilipa. Plastiki ya nguzo nilikuwa nimeshaitoa lakini juu, pale nguzo inapokutana na silingi, kuna uwazi wa kupitisha kidole tu na macho hayafiki. Ile kamera ya milimita 5.5 ikapita kirahisi, ukaipandisha taratibu ukaona kabisa mchirizi unang'aa unashuka kwenye bati kutokea ukingo wa kioo, na pembeni yake mstari wa kutu ya kahawia, maana yake haukuanza jana. Nikapiga picha kwenye simu. Hiyo picha ina thamani kubwa kuliko unavyofikiri, sababu fundi vioo niliyempelekea hakubishana hata kidogo, aliangalia akasema "kioo hiki kilishawahi kubadilishwa na bati halikusafishwa," kazi ikaanza. Bila picha ningeanza maelezo marefu na yeye angeanza kumwaga maji upya.

Ila sikuishia pale, na nawashauri msiishie kwenye tundu la kwanza. Gari za umri huu mara nyingi zina zaidi ya moja, ukiziba moja ukarudisha kapeti ukaona bado linaloa unachanganyikiwa bure. Nikaziba ile kona kwa muda na tepu pana, nikaendelea kupanda hadi sanrufu.

Sanrufu watu wengi hawaielewi. Ule mpira wa kuzunguka kioo cha sanrufu kazi yake ni kupunguza maji, haukutegemewa uyazuie yote. Maji yanayopita pale yanaangukia kwenye trei inayozunguka fremu, na kwenye kona za trei kuna matundu yenye vibomba vinavyoshusha maji ndani ya nguzo, vya mbele kupitia nguzo za kioo cha mbele na vya nyuma kupitia nguzo za nyuma, yanamwagika nje chini ya gari. Kwahiyo mtu akikwambia sanrufu inavuja badilisha mpira, mpira mpya utaweka na bado utaloa kama kibomba kimeziba. Kipimo: fungua sanrufu, chukua kikombe, mimina maji kidogo kidogo kwenye kona ya trei. Yanatakiwa yaondoke haraka na uyaone yanadondoka chini. Kona ya mbele kushoto ya kwangu maji yalisimama tuli kabisa kama hakuna tundu.

Nikaingiza kamera pale mdomoni. Haikwenda mbali, na kusema kweli haiwezi, kona ya kibomba ni kali na kamera ina kichwa kigumu cha chuma, ila ilitosha kuonyesha tope jeusi, mchanganyiko wa vumbi na ile grisi ya reli za sanrufu, limejaa ukuta kwa ukuta. Hapa sasa nawaomba msitumie kompresa. Najua kila gereji itakwambia "tunapuliza tu dakika moja", na kweli inaweza kuzibua, lakini ile presha inaweza kukichomoa kibomba kwenye chuchu yake huko juu ya silingi, halafu badala ya maji machache unapata maji yote ya trei yanamwagika juu ya silingi mpaka inaning'inia. Mimi nilitumia waya wa pazia, ule wa springi wenye ngozi ya plastiki, unapinda kona bila kutoboa. Kata kipande, ncha uichome moto kidogo iwe ya mviringo isikwangue, ingiza taratibu huku unazungusha, ukigoma usilazimishe, toa futa rudisha. Baadhi ya magari yana eabegi za pazia zimelala kwenye ukingo wa silingi na nguzo, kwahiyo waya uende ndani ya kibomba tu, usianze kuchokoachokoa nyuma ya silingi kwa kubahatisha. Tope lilitoka, nikafuatisha maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, tundu likaanza kunywa maji vizuri. Nikafanya na zile kona nyingine tatu hata kama zilikuwa zinapitisha.

Tundu la tatu sikulitegemea. Kuna mtu zamani aliweka alamu kwenye hii gari na alihitaji kupitisha waya kutoka kwenye boneti kuja ndani, akachana kizibo cha mpira kilichoko kwenye lile bati linalotenganisha injini na ndani, akapitisha waya, akaondoka. Alamu yenyewe haifanyi kazi tena. Kwa macho huwezi kuona, kiko juu sana nyuma ya dashibodi, ila kamera ukiipandisha kutokea kwa miguu ya abiria kwa kufuata ule waya inakufikisha, na mpwa wangu ndiye aliyekiona, tone moja moja kila nikimwagia upande ule. Kidogo, ila mvua ya masika ya usiku mzima tone moja moja linajaza beseni.

Milango ilikuwa salama kwa hiyo sitawachosha, nitasema tu kwamba mlango nao kwa asili unapitisha maji, yanaingia pale kioo kinapozama, yanashuka ndani na kutoka kwa matundu ya chini. Kinachoyazuia yasije kwenye kapeti ni ile nailoni iliyobandikwa nyuma ya kava ya mlango. Fundi redio akiichana ili afikie spika na asiirudishe, utaloa. Kamera unaweza kuipitisha kwenye tundu la spika uone kama nailoni ipo. Na buti likiwa na maji pale inapokaa spea tairi, anza na mipira ya taa za nyuma, hasa kama taa zilishawahi kutolewa.

Matengenezo sasa. Kioo ndicho kilichokula hela, mengine yote ni jasho. Fundi alikitoa kizima bila kupasuka, namshukuru Mungu, akakwangua gundi ya zamani, kutu akaisugua mpaka bati likang'aa, akapaka praima ya bati, akasubiri ikauke kweli, ndipo akabandika kwa gundi ya poliyurethani, ile ya kwenye tyubu au soseji inayotumika kwa vioo vya magari. Hakikisha fundi wako anatumia hiyo na muulize tarehe ya kuisha, sababu gundi hii inakomaa kwa unyevu wa hewa na ikikaa sana dukani inaanza kuwa ngumu humo humo ndani ya tyubu. Na gari usiitoe mbio, soma kwenye tyubu inasema ikae muda gani kabla ya kuendeshwa, kioo cha mbele ni sehemu ya uimara wa gari na kwenye magari mengi eabegi ya abiria ikifumuka inakiegemea, sio mapambo.

Kizibo cha alamu niliutoa ule waya wote uliokufa, tundu nikaziba kwa butili, ile gundi nyeusi ya utepe isiyokauka, unaikanda na vidole unaijaza. Butili ndio pia inarudisha nailoni za milango. Nzuri kwa sababu ukitaka kufungua tena inafunguka, haifanyi kiburi kama silikoni. Kwa nyufa ndogo ndogo sana ambazo huzioni kuna kimiminika cha Uingereza kinaitwa Captain Tolley's Creeping Crack Cure, kinafanana na maziwa, unakidondoshea kwenye ufa kinajivuta chenyewe ndani kisha kinakauka. Kama una ndugu anayekuja kutoka huko muagize, ila kwa tundu kubwa kama la kwangu hakifai kitu.

Kapeti halikurudi siku hiyo. Lilioshwa, likaanikwa limegeuzwa sponji juu, na mahali sponji lilipokuwa limeoza nikakata nikaweka jipya. Kabla ya kurudisha nikarudia zoezi zima la mpira wa maji, chini mpaka juu, na poda ikabaki nyeupe. Masika imepita, harufu hakuna, ukungu wa asubuhi hakuna.

Sasa ile nyota niliyoinyima. Kwanza picha inazunguka, ukiusokota waya kidogo tu juu inakuwa chini, na kwa kazi ya maji unahitaji sana kujua chini ni wapi. Nikafunga alama ya tepu kwenye waya karibu na kichwa ndio nikatulia. Pili inaona vizuri kwa umbali wa sentimita chache tu, ukisogeza mbali kila kitu ni moshi, ukisogeza karibu sana nayo ni moshi. Tatu vile vitaa vyake vinaakisi kwenye bati na kwenye maji yenyewe hadi unaona mwanga tu, lazima upunguze kwa kale kagurudumu ka kwenye waya, na ukiiacha imewaka muda mrefu kichwa kinapata moto. Ile ndoano, kisumaku na kioo vinavyokuja nayo sahau, kisumaku kilimchomoka dogo ndani ya dashibodi tukapoteza muda kukiopoa. Na programu yake ya simu inaomba ruhusa ya mahali ulipo na majina ya watu wako, kamera ya waya inataka majina ya watu wangu ya nini? Nilikataa zote isipokuwa ya kamera na ya kuhifadhi picha, na ikafanya kazi vile vile.

Je kuna njia bila kamera? Ipo na ni ya bei ya sabuni. Funga vioo vyote na milango, washa feni ya gari mpaka mwisho ikivuta hewa ya nje, kule nyuma matundu ya kutolea hewa yazibe na tepu, halafu nje paka povu la sabuni ya vyombo kwenye kingo za vioo, milango na taa. Hewa inayotoka itapuliza mapovu pale penye upenyo. Inafanya kazi vizuri kwenye vioo na mipira, ila vibomba vya sanrufu vilivyoziba haitakuonyesha, sababu tatizo lake sio upenyo. Wakubwa huko gereji za kisasa wana vifaa vya sauti, kimoja kinalia ndani ya gari sauti ambayo sikio halisikii na kingine unapitisha nje kinadaka inapopenyea. Kwa gari moja ya nyumbani huna haja nacho.

Ukienda kununua, chukua ya milimita 5.5, zile za milimita 8 picha yake ni nzuri zaidi kidogo ila haziingii unapotaka ziingie, na waya uwe wa nusu ugumu, ule laini kabisa unalala chini unapousukuma juu. Mita mbili zinatosha kwa gari, mita tano ni kwa mabomba ya nyumbani na utakuwa unajikwaa nayo tu. Mwenye Android aiulizie ya kuchomeka moja kwa moja na aijaribu pale pale dukani kwa simu yake mwenyewe, sababu sio kila simu inaikubali hata kama tundu ni lile lile. Mwenye iPhone kuna zinazoingia moja kwa moja na kuna zenye kiboksi cha waifai, na ya waifai ina picha inayochelewa kidogo, unasogeza kamera halafu picha inakuja nyuma yako. Muuzaji akikukatalia kuijaribu kabla ya kulipa, duka la pili liko hatua tatu mbele.